Kabla hajamshika mwanao, ashike mdoli (Sehemu ya 7)

Mama zangu, tangu niweke ile picha ya wanafunzi wa uuguzi na mdoli, inboksi imejaa: "Nesi, kumbe mnajifunzia midoli?" Ndiyo, midoli. Na mimi nasema muogope zaidi yule ambaye hajawahi kuushika.

Mtoto akizaliwa halii, tuna dakika moja. Unamkausha, unamsugua mgongoni, na kama bado hapumui unaweka barakoa usoni na kuminya ambubagi. Barakoa ikikaa upande, hewa inatokea pembeni, kifua hakinyanyuki. Hilo hulijui kwa kusoma. Mdoli mmoja, NeoNatalie, unajazwa maji ya uvuguvugu, unakuwa mzito na mlegevu kama kichanga kweli. Ukikosea, kifua hakipandi. Unarudia, hakuna aliyeumia.

Hapa Tanzania hospitali 8 zilizofundishwa hivyo zilifuatiliwa, na matokeo yakatoka 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini Haydom, kule Manyara, walituonyesha na upande wa pili. Baada ya kozi ya siku moja watu walifanya vizuri kwenye mdoli, ila leba mambo yakabaki yale yale. Vifo vilipungua walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, hapo hapo kazini.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Nimeona mahali mdoli umefungiwa kabatini, funguo anazo mtu aliye likizo. Eti usichafuke!

Sasa kuna hii miwani ya uhalisia pepe: unavaa darasani, unajikuta umesimama leba. Siipingi. Kuona mtoto anavyogeuka akipita kwenye nyonga ya mama, mchoro wa ubaoni haufui dafu. Ila miwani haikupi shavu la mtoto la kubania barakoa. Chuo kikiwa na hela ya kitu kimoja tu, mi nasema kinunue midoli, na kabati lisiwe na kufuli.

Wewe mama unaweza kusaidia. Siku ya kliniki muulize nesi, kwa upole tu: "Dada, hapa mnafanya mazoezi ya mtoto asiyelia? Mara ya mwisho ilikuwa lini?" Tukiulizwa na mama kumi kwa wiki, huo mdoli utatoka kabatini wenyewe.

Kesho tunaongelea kitovu, na ile dawa ya meno mnayopaka.