Ruashi, kadi ya wati sabini yatosha

Kijana akiniuliza anunue kadi gani ya grafiki ili kompyuta yake ifanye kazi ya sayansi usiku, mimi humuuliza kwanza nyumbani kwao wanakula umeme wa kabini gani. Wengi hucheka, wakidhani mzee amepotea njia. Lakini mkaaji wa Ruashi, hapa Lubumbashi, anajua kabini ni nini. Ni kile kijumba cha transfoma kinachogawa umeme kwa barabara kadhaa, na siku kinapoungua ni wakaaji wenyewe wanaopita mlango kwa mlango kuchangishana. Kabini iliyolemewa ikitoa volti 160 saa moja jioni, kadi yako ya bei ghali haitakufaa kitu.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: unaweka kwenye mashine yako programu kama Folding@home au BOINC, nayo inapokea kipande cha hesabu kutoka maabara fulani, inakikokotoa saa ambazo wewe huitumii mashine, kisha inarudisha jibu. Hulipwi. Kwetu Kongo ingeitwa salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ila salongo hii haina mkuu wa mtaa wa kukutoza faini ukibaki nyumbani. Watu walianza kuizoea mwezi wa Mei 1999, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilipozindua SETI@home ya kutafuta ishara za viumbe wa mbali. Mwaka 2010 Einstein@Home iligundua pulsa mpya, yaani nyota inayozunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya redio, kwa kutumia kompyuta za watu wa kawaida wa Marekani na Ujerumani. Corona ilipoingia, watu walijiandikisha Folding@home kwa wingi hata mwezi wa Machi 2020 mtandao ule ukavuka hesabu bilioni mara bilioni moja kwa sekunde. Hakuna kompyuta kuu hata moja duniani iliyokuwa imefika hapo.

Mimi nina kibanda cha kuchapa barua na kutengeneza kompyuta, si mbali na soko la Ruashi, na mashine yangu moja inafanya salongo hiyo. Kwa hiyo nasema ninachokiona: ushauri ambao vijana wetu wanausoma kwenye simu umeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Huko swali ni nani mwenye pointi nyingi kwa siku. Kadi inasifiwa kwa kasi yake, na jina linalotajwa kwa heshima ni RTX 4090, inayokula wati 450 peke yake. Ukiichomeka Ruashi saa ambazo majirani wanapika, umewazimia friji.

Kadi yenyewe ni ya kufikiria mwisho. Kwanza ni mradi. Mwezi wa Oktoba 2019, kwenye World Community Grid, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, kilianzisha mradi wa kukokotoa mvua ya Afrika kusini mwa Sahara kwa undani wa kilomita moja moja. Mtu wa Katanga ambaye shangazi yake analima mahindi Kasenga ana haja gani kubwa kuliko kuielewa mvua? Basi kazi za mradi ule ziliandikwa kwa ajili ya prosesa ya kawaida. Kadi ya grafiki haisaidii hata kidogo. Kabla yake kulikuwa na malariacontrol.net, chini ya mpango wa Africa@home uliozinduliwa mwaka 2006. Waswisi wa Basel walikuwa wakipima kwa hesabu jinsi malaria inavyoenea na nini kingeizuia. Nayo ilikuwa kazi ya prosesa. Anayetaka kusaidia miradi ya namna hiyo, dola zake za kadi azipeleke kwenye betri.

Na miradi hubadilika. Radeon HD 7970, kadi ya mwaka 2012, iliheshimiwa sana na watu wa MilkyWay@home kwa sababu ilikuwa hodari wa hesabu zenye tarakimu nyingi, kazi ambayo kadi mpya za michezo zinaifanya kwa uvivu. Mwaka 2023 mradi ukaacha kutuma kazi za kadi. Aliyeinunua kwa ajili hiyo tu amebaki na jiko la wati 250.

Tuseme umeamua: Folding@home, au Einstein@Home, ambako kadi inasaidia sana. Angalia mashine uliyo nayo. Kompyuta nyingi tunazouziana hapa ni za mtumba kutoka maofisi ya Ulaya, zile OptiPlex na ndugu zake wa HP, zenye kisanduku cha umeme cha wati 240 hadi 290. Kisanduku hicho mara nyingi hakina hata waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi italishwa na tundu lake kwenye bodi, na tundu hilo linatoa wati 75, basi. Hesabu hiyo peke yake inafuta robo tatu ya majina yanayotajwa mitandaoni. Zinazobaki ni chache: GTX 1050 Ti, GTX 1650, na RTX 3050 yenye memori ya giga 6, inayokula wati 70.

Hapo kuna mtego. RTX 3050 ya giga 8 ni kadi nyingine, inakula wati 130 na inadai waya wake. Kwenye maboksi majina yanafanana, na muuzaji atakuambia ya nane ni bora kwa sababu nane ni zaidi ya sita. Hata GTX 1650, kuna viwanda vilivyoiongezea tundu la waya. Igeuze kadi, itazame ubavuni kabla ya kutoa pesa. Na kama sanduku la kompyuta yako ni lile jembamba, uliza kadi fupi, la sivyo utaishia kukata bati kwa msumeno, kama nilivyoona kwa mteja mmoja.

Kati ya hizo tatu mimi ningenunua RTX 3050 ya giga 6. GTX 1050 Ti ni ya mwaka 2016, na toleo la CUDA (programu inayoziwezesha kadi hizi kufanya hesabu) lililotoka 2025 limekwisha kukiacha kizazi chake nje, kwa hiyo iwe rahisi sana ndipo uichukue. Memori pia ina maana, kwani baadhi ya kazi za Einstein@Home hazitumwi kwa kadi yenye memori ndogo.

Kijana mmoja alinibishia vizuri. Alisema, “Papa, ile mukubwa njo inafanya kazi mingi kwa kila wati, minaibana tu.” Hesabu yake ni sahihi. RTX 3060 ya wati 170 unaweza kuishusha kwa amri moja hadi karibu na 100, ikapoteza kasi kidogo tu, na kwa kila wati ikakupita wewe mwenye kadi ndogo. Lakini hesabu hiyo inadhani umeme upo. Chukua betri ya amperi-saa 100, ya volti 12. Ukitaka iishi, usitumie zaidi ya nusu yake, yaani wati-saa 600. Kadi ya wati 70 pamoja na mashine yake ni kama wati 120, itaenda saa tano. Kadi ya 170 pamoja na mashine haifiki saa tatu. Hata akiibana, itambidi anunue kisanduku kipya cha umeme, na bei ya kisanduku kizuri ndiyo ingenunua betri.

Muda wa kurudisha kazi nao ni jambo. Folding@home ina haraka, na kazi ikichelewa anapewa mtu mwingine. Miradi mingi ya BOINC inavumilia zaidi, mingine hadi wiki mbili. Mtaa wenye umeme saa sita kwa siku ufanye BOINC. Na mega za simu zihesabiwe vilevile.

Kadi zilizochoka za wachimba sarafu za mtandaoni ni kishawishi kingine. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kutegemea uchimbaji wa kadi, na tangu hapo mizigo ya kadi hizo inazunguka dunia, nyingine zinatufikia kupitia Dubai. Mojawapo, P106-100, haina hata tundu la kuchomeka skrini. Sisemi zote ni mbovu. Nyingi zilikaa kwenye joto lisilobadilika na bado ni nzima, ila feni zimekwisha. Lakini ni kadi za wati 120 kwenda juu, tumerudi palepale. (Wanaosikia feni yangu usiku hudhani nachimba bitcoin. Bitcoin haichimbwi kwa kadi siku hizi. Kule Luviro, Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuichimba kwa mashine maalumu na umeme wa mto wake yenyewe. Mimi sina mto.)

Kuna wanaosema shaba na kobalti ya vifaa hivi imetoka chini ya miguu yetu, mgodi wa Ruashi uko pale, kwa hiyo tunastahili kadi kubwa. Hoja nzuri ya kwenye mkutano. Haipunguzi wati hata moja.

Ninachokataa kabisa ni kuendesha salongo hii kwa jenereta. Lita za petroli zinazoungua kwa usiku mmoja zingemsaidia zaidi jirani mwenye mtoto anayesoma kwa mshumaa. Na kwa wanaolipa umeme kwa bei moja kila mwezi bila mita: si bure, anayelipia ni kabini. Anzeni saa nne usiku, BOINC ina sehemu ya kuweka saa. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Lubumbashi itawafanya mshukuru lile joto. Septemba, vumbi jekundu likiwa limejaa kwenye feni, zimeni, mpulize, mpumzike.

Kwa wauzaji wa mjini nina maombi mawili. Andikeni wati kwenye kila kadi mnayoipanga kwenye meza, kwa kalamu nene, kama mnavyoandika bei. Na mteja akitaka kuiona ikifanya kazi nusu saa kabla ya kulipa, chomekeni hapo dukani, nyuma ya stabilizateri, mkamletee kiti.