Safari ya Pangani: kuogelea kwanza, kayaki baadaye

Hapa Kwa Mrombo tupo, baridi imeanza kuuma, na moshi wa nyama choma unatutesa sisi ambao bumu limeshakata. Leo nataka kuongelea safari ambayo machalii wangu wa darasani wanaipanga kwa nguvu zote. Kwa kuwa mimi ndiye mtunza hazina wao, nimeona niweke msimamo wangu hapa kwa maandishi, asije mtu akasema sikusema.

Safari yenyewe ni hii. Tuko sita, wote mwaka wa pili, elimu. Tunapanda basi mpaka Tanga, tunashuka Pangani, tunatafuta kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya plastiki ambavyo mtu anakaa peke yake na kasia lenye mabapa mawili. Halafu siku nne tunapiga kasia kandokando ya pwani, mchana tunavua kwa mshipi, usiku tunalala kwenye hema. Tarehe iliyotajwa ni Julai, kwenye zile wiki mbili kati ya kumaliza mitihani na kuanza TP. Kila mtu anachanga 150,000. Mpaka leo nina 640,000 na ahadi nyingi.

Msimamo wangu: safari iwepo, ila isiwe Julai. Iwe mwanzoni mwa Machi mwakani. Na hela ya kwanza kutoka kwenye mfuko isinunue hema wala ndoana. Ilipie mafunzo ya kuogelea, maana kati yetu sita anayejua kuogelea ni mmoja tu, naye kakulia Mwanza. Sisi watano wengine ni watu wa mlimani. Maji mengi tuliyozoea ni ya mfereji wa kumwagilia migomba.

Kabla sijaitwa mwoga, niseme kwamba safari hii naitaka kuliko wanavyodhani. Mimi nasoma Jiografia na Kiswahili. Miaka miwili ijayo, Mungu akipenda, nitasimama mbele ya darasa kufundisha kupwa na kujaa kwa maji ya bahari. Naweza kuchora jua, mwezi na dunia ubaoni vizuri tu, lakini maji yenyewe yakipanda na kushuka sijawahi kuyaona. Na kuna jambo jingine: maji ya Mto Themi unaopita hapa mjini kwetu yanaingia Kikuletwa, yanafika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanakuwa Mto Pangani mpaka baharini. Yaani maji ya Meru yanatutangulia kule kila siku. Nani asingependa kuyafuata?

Sasa tuje kwenye Julai. Nilimpigia simu mjomba wa mwenzetu mmoja, mvuvi wa miaka mingi huko Pangani. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia vizuri, nikamweleza mpango. Akauliza, "Mnakuja lini?" Nikasema Julai. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Julai ni kusi, mwanangu." Basi. Kwake yeye sentensi hiyo ilikuwa imetosha, ila ikabidi nimwombe anieleze.

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba mpaka Machi hivi. Kusi inashika baada ya hapo mpaka kwenye Septemba, na ukali wake unakuwa katikati, Juni, Julai, Agosti. Kusi inatoka kusini mashariki. Pwani ya Pangani inatazama mashariki. Kwa hiyo ukiwa kwenye kayaki, upepo na mawimbi vinakusukuma kuelekea nchi kavu, na nchi kavu yenyewe sehemu nyingi si mchanga laini wa kwenye kalenda. Ni mwamba wa matumbawe ya kale, una makali kama chupa iliyopasuka, na chini umeliwa na mawimbi mpaka umeinamia maji. Ukisukumwa pale na wimbi, hakuna pa kushika wala pa kupandia.

Ongeza na mlango wa mto. Maji yanapokupwa, mto unatoka kwa kasi kwenda baharini. Kusi nayo inakuja kinyume. Viwili hivyo vikikutana wimbi linasimama wima. Wavuvi wenyewe wana saa zao za kutoka na kuingia pale. Sisi saa hizo hatuzijui.

La pili ni bamvua. Hili nalisema kwa sababu nimeona kwenye karatasi ya mpango neno "tutalala ufukweni" bila maelezo. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari inapwa sana na kujaa sana, na pwani ya Tanga tofauti ya maji kupwa na maji kujaa inafika mita tatu na kitu. Hiyo ni juu ya dari la chumba changu. Siku za bamvua, maji upande ule hujaa kwenye saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Sasa piga hesabu. Mnafika saa kumi na mbili jioni, maji yanarudi nyuma, ufukwe mpana, mnapiga hema, mnakaanga samaki, mnalala. Saa kumi alfajiri bahari inarudi kuchukua sehemu yake, na nyuma yenu kuna ukuta wa mwamba. Giza, hema limelowa, watano hawajui kuogelea. Hapo msaada utatoka wapi?

Kuna chalii mmoja (hatajwi, anajijua) alipendekeza usiku wa mwisho tulale Maziwe. Maziwe ni kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani, kwenye picha ni kizuri ajabu. Ila bahari ikijaa kinafunikwa chote. Chote, wadau. Hakina mti hata mmoja wa kupanda. Tena ni hifadhi, hairuhusiwi kuvua. Pendekezo lile lilipitishwa kwa makofi, na hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba mpango wetu umeandikwa kwa kutazama picha.

Na tukitoka Pangani kwenda kaskazini, upande wa Kigombe na Tongoni, tunakuwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009. Silikanti ni yule samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria, mpaka alipovuliwa mzima Afrika Kusini mwaka 1938. Baadaye wavuvi wa Tanga wakawa wanamkuta kwenye majarife yao. Maana yake ni kwamba huwezi kuingia tu na mshipi wako kama unaingia kwa shangazi. Kuna ofisi ya hifadhi, kuna afisa uvuvi, kuna kamati za wavuvi za vijiji, kuna vibali na ada. Kwenye bajeti yetu mstari huo haupo.

Najua majibu watakayonipa, nimeshayasikia kijiweni.

Jibu la kwanza: "Wavuvi wa kule hawavai hata jaketi okozi, mbona wanaishi?" Wengine wanaishi, wengine hawarudi. Na wale wanaorudi wana shule ya miaka ishirini kichwani: wanajua wingu, wanajua rangi ya maji, wanajua mwamba uliozama uko wapi. Huwezi kuazima ujuzi huo kwa siku nne. Tena msidhani kuzaliwa pwani ni kujua kuogelea. Septemba 10, 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, watu zaidi ya 200 wakafa. Wengi walikuwa watu wa visiwani, watu wa bahari kabisa. Pale Nungwi kuna mradi unaitwa Panje ambao umefundisha wasichana na kina mama kuogelea, kwa sababu wapo waliokulia hatua chache kutoka majini bila kufundishwa. Na Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka Ziwa Victoria ikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Gati walikuwa wanaliona.

Jibu la pili: "Wewe unatisha watu, maji hayana neno na mtu wa Chuga." Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji ya mvua korongoni kata ya Sinoni, hapa hapa jijini kwetu, watoto wakafa. Sisemi kuogelea kungewaokoa, maji yale yalikuwa ya kutisha. Nasema maji yanatufikia hata huku mlimani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na watoto ni wengi mno kati yao. Sisi tunakwenda kuwa walimu. Kesho utapewa wanafunzi hamsini uwapeleke safari ya mafunzo ziwani au baharini. Mmoja akitumbukia, utafanya nini? Utapiga filimbi?

Jibu la tatu ndilo lenye uzito, na sitalikwepa: "Bongo kitu kikiahirishwa kimekufa." Ni kweli. Nimeona mahafali, harusi na mabanda ya kuku yakifa kwa kuahirishwa. Mwaka wa tatu una presha, hela inaweza kuliwa, mtu anaweza kupata mchumba akasahau marafiki. Ndiyo maana sipendekezi tukae na hela tukisubiri. Napendekeza tuanze safari mwezi huu, ila kwa kuanzia hapa nyumbani.

Mpango wangu ni huu:

1. Kuanzia sasa mpaka Oktoba, kila mmoja ajifunze kuogelea kwenye bwawa lenye mwalimu. Kipimo: kuelea dakika kumi bila kushika kitu, na kuogelea mita mia bila kusimama. Asiyefikisha anakuja Pangani, ila hapandi kayaki.

2. Novemba na Desemba tufanye mazoezi ya kasia Ziwa Duluti, pale Tengeru. Nauli ni ya daladala tu, na kuna watu wanaokodisha mitumbwi. Ni ziwa dogo la kreta, lina msitu pembeni, halina kusi. Kila mtu apinduke makusudi akiwa na jaketi, ajifunze kurudi juu ya chombo. Ukishindwa Duluti, baharini usijaribu.

3. Majaketi okozi sita, yenye kumtosha kila mtu kwa uzito wake. Haya yanunuliwe mapema, maana jaketi likishanunuliwa haliwezi kuliwa kama hela.

4. Kayaki tusinunue. Zikodishwe kule kule kwenye hoteli za pwani zenye nazo. Hela inayobaki tumlipe mvuvi mwenye ngalawa atusindikize siku zote nne. Ngalawa ina mirengu pande zote mbili, haipinduki kirahisi, na mwenyewe anajua njia. Atakayetufundisha kutega chambo na kupima chubwi ni yeye. Samaki tutakaopata, changu, tasi au kolekole, tugawane naye.

5. Tarehe ichaguliwe kwa mwezi wa angani. Mwanzoni mwa Machi, kabla masika haijashika, siku za nusu mwezi, wakati wa maji mafu, ambapo bahari haipandi wala haishuki sana. Kulala ni kwenye eneo la kambi linalojulikana, juu ya alama ya takataka za bamvua. Tunapiga kasia asubuhi tu, ndani ya miamba.

6. Kila jioni tusikilize taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakisema upepo mkali na mawimbi makubwa, tunabaki nchi kavu tunacheza bao. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, tahadhari ilitangulia siku kadhaa. Taarifa zipo, tatizo ni kuzidharau.

Wahenga walishasema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi nakubali kabisa twende tukayafike. Ninachokataa ni kuyapima wingi kwa roho ya mtoto wa mtu. Nyumbani kwa kila mmoja wetu kuna mzazi aliyeuza mahindi au ng'ombe ili huyu kijana afike mwaka wa pili. Kwenye simu ya kumwambia mzazi yule habari mbaya, mtunza hazina ndiye atakayepewa kazi ya kupiga. Nimeshafikiria maneno ya kusema, na sijayapata.

Kikao ni Jumatano baada ya kipindi cha saa tisa. Wengi wakipiga kura ya Machi, Alhamisi nakwenda kulipia bwawa. Wakipiga kura ya Julai, narudisha kila mtu mchango wake mpaka senti ya mwisho, daftari liko wazi, na wao watafute mtunza hazina mwingine. Urafiki hauvunjiki kwa hilo, ila mimi Julai siendi.

Naomba kuwasilisha. Usiku mwema, wadau, na wenye mablanketi mazito mtukumbuke.