MPENDWA, KITI HICHO CHA RAIS UNAKIKODISHIA NANI?

Kabla hujaendelea, fungua Matendo 8:26-39, usome, kisha urudi hapa. Leo sitabembeleza mtu.

Wiki hii kijana wetu mmoja, ninayempenda sana, alinitumia picha kwa simu. Mercedes-Benz 600, limuzini ya zamani, nyeusi, inakodishwa Nairobi pamoja na dereva wake mwenye kofia na glavu nyeupe. Kamati ya harusi inataka ije Garissa. Ukihesabu siku mbili za gari, malazi ya dereva na lori la kuibeba zile kilomita 370 hivi ili isichakae, pesa hiyo inapita kodi ya nyumba atakayoishi na mke wake mwaka mzima. Na pesa yenyewe haipo! Harusi imesogezwa mara mbili. Kadi ya mchango imerudi mara ya tatu kwa mama anayeuza sukuma wiki sokoni, naye anaona haya kukataa kwa sababu ni mtu wa kanisa.

Sichukii gari lile. Nilikulia kwenye gereji ya mjomba, kwa hiyo najua ninachokitazama. Lilitengenezwa kuanzia 1963 hadi 1981, na yote kwa jumla ni 2,677 tu duniani. Vioo vyake, viti, hata buti, havisukumwi na umeme bali na mafuta yenye mgandamizo mkubwa, kimya kabisa. Mafundi wa Ujerumani walifanya kazi, lazima tuseme ukweli. Lakini lilikuwa gari la nani? Mzee Kenyatta alikuwa nalo. Idi Amin alikuwa nalo. Mobutu alikuwa nalo. Wananchi waliokuwa wakitembea kwa miguu waliwaangalia wakubwa wao ndani ya Mercedes wakawapa jina, Wabenzi, na halikuwa jina la sifa. Sasa mtoto wa Mungu, mwalimu mwenye mkopo wa sacco, anachangisha ili aitwe hivyo kwa siku moja?

Amin alikimbia Kampala 1979. Mobutu alikimbia Kinshasa 1997. Na jirani yetu Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia aliyekuwa na Rolls-Royce kadhaa, siku alipoondolewa, tarehe 12 Septemba 1974, wanajeshi walimtoa ikulu kwa Volkswagen ile ndogo, kobe. Miaka arobaini na zaidi kwenye kiti cha enzi, na safari ya mwisho kutoka ikulu ilikuwa ya kobe.

Turudi kwenye Neno. Yule Mkushi alikuwa mtu wa hazina ya malkia, na gari lilikuwa haki yake, hakuchangiwa na mtu. Njia ilikuwa ya jangwa, sisi tunaijua njia ya namna hiyo. Angalia alichofanya. Alimwona Filipo yuko chini kwa miguu, akamwomba apande wakae pamoja. Gari lake lilikuwa na nafasi ya mtu wa barabarani. Halafu walipofika penye maji, akaamuru gari lisimame, akashuka. Jambo kubwa kuliko yote katika safari ile lilimkuta akiwa nje ya gari.

Wewe je? Nimeuliza mpango wa msafara. Ndani ya limuzini watakaa maharusi na wasimamizi. Mama mzazi, aliyekusomesha kwa kuuza maji ya mkokoteni wa punda, atafuata nyuma kwa tuktuk. Nilisoma mpango huo mara mbili, nikaiweka simu chini.

Kuna aliyenijibu kwamba hata Yesu aliingia Yerusalemu kwa mnyama wa kuazima. Kweli. Soma basi Marko 11:3, utaona ahadi ya kumrudisha upesi. Tena alikuwa mwanapunda, kama hawa wanaobeba mitungi hapa mjini kila asubuhi. Hakuna mjane aliyefuatwa mara tatu kwa ajili yake.

Na ni nani tutakayemdanganya? Majirani zetu hapa, Waislamu kwa Wakristo, wanajua mshahara wa mwalimu. Watatazama gari likivuka daraja la Tana kutoka Madogo, watapiga picha, Jumatatu watakuona umepanda boda boda kwenda shule. Wakati huo binti wa watu amengoja, na wazazi wake wanaulizwa kila Jumapili tarehe ni lini.

Nami nijihukumu: mwaka juzi niliposikia mgeni wa sherehe ya kanisa atakuja kwa gari kubwa, nilitembea kifua mbele. Nimetubu kwa hilo.

Kamati, tukutane Jumapili baada ya ibada ya pili. Mama wa sukuma wiki arudishiwe alichotoa mara ya pili na ya tatu, nitakuwa na daftari mkononi. Probox ya kanisa ipo, itaoshwa, nitaiendesha mimi mwenyewe, na mama mzazi atakaa kiti cha mbele. Bwana harusi, nipigie leo jioni tuandike tarehe.

Mchungaji wenu.