Kivu ya Kaskazini: mkaratusi au kaliandra, mti upi unawafaa wahami?

Katika milima ya Masisi na Rutshuru, miti miwili yenye kutoa maua inaonekana pembeni ya mashamba. Mmoja ni mkaratusi, uliotoka Australia. Mwingine ni kaliandra, mti mfupi wa maua mekundu uliotoka Mexico na Amerika ya Kati. Hiyo miti si ndugu: mkaratusi ni wa ukoo wa mpera, kaliandra ni wa ukoo wa maharagi. Yote miwili nyuki wanaipenda, na yote ikikatwa inachipuka tena. Lakini kwa mtu aliyekimbia vita, tofauti yao ni kubwa.

Mkaratusi unatoa nguzo, mbao na makala. Makala hayo yanasaidia kupunguza ukataji wa miti katika Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka wa 1925. Ila sherti kuungoja miaka mingi, unakunywa maji mengi, na maharagi hayastawi karibu yake. Tena, kwa wakaaji wengi, kupanda mti wa namna hiyo ni kusema: udongo huu ni wangu. Mhami anayelima shamba la mwenyeji akiupanda, anazusha ugomvi. Na anayerudi kijijini akikuta mikaratusi ya mtu mwingine katika shamba lake, kesi imekwisha kuanza.

Kaliandra haitoi mbao. Lakini kisha mwaka mmoja hivi inaanza kutoa kuni, na majani yake yanalisha mbuzi na sungura. Ikipandwa kwa mistari kwenye mteremko, inashika udongo na kuurutubisha, hata mwenye shamba anapata faida. Kwa mama anayetafuta kuni porini na kukutana huko na watu wenye silaha, kuni za karibu na nyumba ni usalama.

Kwa hiyo, wanaogawa miche wasihesabu tu idadi ya miti. Kwanza waulize: shamba ni la nani, na anayepanda atabaki hapo muda gani? Mkaratusi upandwe na mwenye udongo, mbali na chemchemi. Kaliandra wapewe wahami na wenyeji pamoja, na mapatano yaandikwe mbele ya chifu. Mti uliopandwa bila mapatano unaweza kuacha ugomvi kwa watoto.