Kila Mtoto na Ukurasa Wake



Imekuwa desturi siku hizi, katika semina za walimu na katika vitabu vya malezi, kuambiwa kwamba watoto wamegawanyika katika aina tatu: wapo wanaojifunza kwa macho, wapo wanaojifunza kwa masikio, na wapo wanaojifunza kwa mikono. Mzazi hutakiwa atambue mwanawe ni wa kundi lipi, na mwalimu hutakiwa afundishe kila kundi kwa njia yake. Ni maneno yenye huruma, kwa sababu yanamtetea mtoto ambaye zamani angeitwa mzito na kuachwa nyuma ya darasa. Hata hivyo huruma peke yake haimfundishi mtoto kusoma, na iwapo dawa tunayopewa si ya ugonjwa wenyewe, mtoto huyo ataendelea kukaa nyuma akiwa na jina zuri zaidi tu.

Mafundisho haya yana wenyewe na yana tarehe. Mwaka 1992 Neil Fleming wa New Zealand, pamoja na mwenzake, walitangaza dodoso la kumtambua mwanafunzi anapenda kupokea elimu kwa njia ipi. Waliofuata mkondo huo, pamoja na waliokwisha kuutangulia, ni wengi mno. Wataalamu wa Uingereza chini ya Frank Coffield walipofanya hesabu mwaka 2004 walikuta mifumo 71 ya namna hiyo, kila mmoja ukiwagawa watu kivyake. Kisha mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu wa Marekani waliuliza swali ambalo lilistahili kuulizwa mapema: je, yupo aliyewagawa wanafunzi kwa makundi hayo, akawafundisha wengine kwa njia inayolingana na kundi lao na wengine kwa njia isiyolingana, akawapa wote mtihani mmoja, na wale wa kwanza wakashinda? Utafiti uliofanywa kwa utaratibu huo ulikuwa haba, na katika huo haba kulikuwamo ulioipinga kabisa dhana hiyo. Wakahitimisha kwamba ushahidi wa kutosha wa kuiingiza darasani haupo.

Hawakusema kwamba watoto wote ni sawa. Mtu huweza kupenda picha kuliko maneno, lakini kupenda si hoja ya kwamba hiyo ndiyo njia inayomfikisha. Aghalabu somo lenyewe ndilo linaloamua njia. Umbo la Mlima Rungwe na mito inayoshuka kutoka kwake litaonyeshwa kwa ramani, hata kwa mtoto anayeitwa wa masikio. Tofauti ya sini na swadi itasikiwa kwa sikio na kujaribiwa kwa ulimi, hata kwa mtoto anayeitwa wa macho. Sijapata kumwona aliyejifunza kutamka herufi hizo kwa kutazama picha.

Basi watoto wanatofautiana katika nini? Tukitazame Kyimo chetu. Mtoto ambaye nyumbani kwao husemwa Kinyakyusa huingia darasa la kwanza akikabiliwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kujifunza kusoma, na kujifunza lugha ya kusomea. Sikio lake limezoea irabu saba za Kinyakyusa, naye hupewa herufi tano za Kiswahili. Pembeni yake ameketi mtoto wa mtumishi aliyehamia, ambaye amekulia Kiswahili na nyumbani ana vitabu viwili vitatu. Mwalimu huwafungulia wote ukurasa mmoja, na baada ya miezi michache mmoja huonekana hodari na mwingine huonekana mzito. Wakifika kidato cha kwanza lugha hugeuka tena kuwa Kiingereza, na mlima huanza upya.

Ukubwa wa jambo hili umepimwa. Mwaka 2010 asasi ya Uwezo iliwapima watoto majumbani mwao hapa Tanzania Bara. Kati ya wanafunzi wa darasa la tatu, takriban theluthi moja tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na kwa Kiingereza hawakufika hata mmoja katika kumi. Miongoni mwa waliokuwa darasa la saba, takriban mmoja katika watano alishindwa na hadithi hiyo hiyo ya darasa la pili. Mtoto huyo alikaa darasani miaka saba, na kila mwaka alihamishiwa kitabu kingine kabla ya kukiweza cha kwanza. Tangu Januari 2016, elimu ya msingi hadi kidato cha nne ilipotolewa bila ada, wengi zaidi waliingia madarasani, jambo la kushukuriwa. Lakini kipimo cha serikali cha wanafunzi 45 kwa darasa kimebaki kwenye maandishi katika shule nyingi.

Mfano mwingine ni wa hesabu. Mtoto anayekaa na mama yake kwenye mikungu ya ndizi kando ya barabara ya Mbeya na Tukuyu hutoa chenji bila kukosea, ilhali daftari lake limejaa alama nyekundu. Watu husema, huyu ni mtoto wa mikono. Huko Recife, Brazil, watafiti waliwapima watoto watano wachuuzi na kutangaza matokeo mwaka 1985. Sokoni walijibu sawasawa takriban maswali 98 katika kila 100, na hesabu zile zile zilipowekwa kwenye karatasi bila habari ya biashara walipata takriban 37. Akili iliyotoa chenji ndiyo hiyo hiyo iliyoshindwa daftari. Kilichokosekana ni daraja kati ya hesabu anayoijua na alama zinazoandikwa, na kujenga daraja hilo ndiyo kazi ya mwalimu.

Tusisahau pia macho na masikio yenyewe, nikimaanisha viungo. Mtoto asiyeuona ubao, au mwenye ualbino anayehitaji maandishi makubwa na kiti cha mbele, au anayeumwa sikio kila msimu wa baridi, huyo ana tofauti ya kweli. Apelekwe kupimwa.

Hapa ndipo ninapotaka kuwakumbusha wasomaji jambo ambalo tulikuwa nalo mikononi. Katika chuo cha Qur'ani cha zamani, watoto thelathini waliketi kwenye mkeka mmoja, lakini hawakuwa na somo moja. Huyu yuko kwenye alifu, yule ameingia Juzuu Amma, mwingine anakaribia kuhitimu. Kila mmoja alikwenda mbele ya mwalimu, akasikilizwa peke yake, akarekebishwa, akaongezewa kidogo au akarudishwa kudurusu. Asiyeujua ukurasa wake hakuvushwa. Wanafunzi wakubwa waliwasikiliza wadogo, na kwa kufanya hivyo wakaimarika wao wenyewe. Hakuna aliyeuliza mtoto huyu ni wa macho au wa masikio. Swali lilikuwa moja: umefika wapi?

Wanazuoni wetu walilieleza jambo hili kwa uwazi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya aliweka miongoni mwa wajibu wa mwalimu kutompa mwanafunzi kile ambacho fahamu yake bado haikifikii. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alishauri elimu itolewe kidogo kidogo, na somo lirudiwe mara tatu, kila mara kwa kina zaidi. Naye alionya kwamba ukali humfundisha mtoto uongo na hila. Nalitaja hili la mwisho kwa makusudi, maana chuo cha zamani kilikuwa pia na bakora, na wengi walihitimu bila kufahamu maana ya walichosoma. Tukichukue kizuri chake bila kukirembesha kibaya chake.

Ajabu ni kwamba dunia imezunguka ikarudi hapo hapo. Katika wilaya za Busia na Teso nchini Kenya, miaka ya 1990, shule ziligawiwa vitabu vya kiada, na ilipopimwa ikaonekana kwamba vilivyoandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi kilikuwa lugha ya tatu, viliwafaa tu wale waliokuwa tayari wanaongoza. Mwaka 2005, pia Kenya ya magharibi, shule 121 zilishiriki katika jaribio. Katika baadhi yake darasa la kwanza liligawanywa kwa kadiri watoto walivyokwisha kujua, na waliokuwa juu na waliokuwa chini wote wakapanda, kwani mwalimu aliweza kusema na wanaomwelewa. Nchini India asasi ya Pratham huwapanga watoto kwa sehemu ya siku kufuatana na kiwango cha kusoma badala ya umri, na jirani zetu wa Zambia walianza kulijaribu jambo hilo mwaka 2016.

Nasikia walimu wakisema: sisi tuna watoto themanini, tutamsikiliza nani? Hoja hiyo ni ya haki, na mwenye kuidharau hajawahi kusimama mbele ya watoto themanini. Lakini izingatiwe kwamba ni hoja inayoielemea zaidi dhana ya aina tatu za watoto, inayomtaka mwalimu huyo huyo aandae somo mara tatu. Kupanga kwa kiwango huhitaji saa moja kwa siku, ambapo wasiojua herufi wa darasa la tatu, la nne na la tano hukaa pamoja, wanaoendeleza maneno pamoja, na wanaosoma hadithi wakasoma. Sharti ni moja: makundi yapimwe upya kila baada ya wiki chache na mtoto ahame anapopanda. Kundi lisilohamwa ni kifungo.

La kusikitisha ni kwamba madrasa zetu nyingi zimeiga shule katika kile kinachoisumbua shule. Ubao mmoja, aya moja, watoto wote wakiitikia kwa kiitikio kimoja, na asiyejua hujificha ndani ya sauti za wenzake mwaka mzima. Kamati za misikiti ya Kyimo na Tukuyu haziwezi kuongeza walimu wa shule za serikali, lakini madrasa ziko chini ya mamlaka yao. Kila ustadhi awe na daftari lenye jina la mtoto na mahali alipofika, na kila mtoto asikilizwe peke yake walau mara mbili kwa wiki, na mwalimu au na mwanafunzi mkubwa aliyeaminiwa. Na kwa kuwa watoto hao hao ndio wa shule, vijana wetu wa sekondari wawapime pia Kiswahili: ukurasa mmoja wa hadithi ya darasa la pili, mtoto mmoja, dakika tano. Likizo ya mwezi wa Juni yatosha kuwamaliza wote.