Tusingoje kilio ndipo tujuane

Leo tunataka kuongea juu ya jambo tunalolipenda ku Universite ya Lubumbashi: ginsi watu wa kazi wa kule na jamaa zao wanavyokusanyika. Si jambo kubwa. Wanakutana siku ya mapumziko, wanakula bukari pamoja, watoto wanacheza mpira, bamama wanafanya likelemba yao. Mgeni akifika na jamaa yake toka mbali, kuna mtu wa kumuonyesha soko, shule na daktari.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya waprofesa. Hapana. Universite hiyo, iliyofunguliwa mu mwaka 1956, iko pia na walinzi, madereva, waandishi na wafagiaji. Ku kazi kila mtu ana cheo chake. Lakini pale wanapokutana, bibi ya profesa na bibi ya mlinzi wanapika ku mafika mamoja. Ndiyo faida yenyewe.

Sisi watu wa migodi tulijua maisha hayo. Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines, kampi ilikuwa na cercle, foyer ya bamama, shule, hospitali na posho. Lakini tuseme kweli: vyote vilitoka ku kompani. Mu mwaka 2003, watu zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka ku kazi kwa ile tunayoita départ volontaire. Wengi walijikuta bila kazi, na nguvu ya kampi nayo ikapunguka. Kitu ulichopewa na mkubwa, mkubwa anaweza kukiondoa. Kile mulichokijenga ninyi wenyewe, nani atakiondoa?

Leo kazi imebadilika. Baba iko Kolwezi ao Fungurume, jamaa imebaki Lubumbashi. Anakaa kule majuma, ndipo anarudi siku chache. Wengine wako na kontra fupi. Kontra ikiisha, hata wenzao wa timu wanapotea. Sasa mtoto akishikwa na homa usiku, mama atagonga mlango gani? Mara nyingi jirani anajulikana siku ya kilio tu, akija na kiti chake mkononi. Ni vizuri anakuja. Lakini mbona hakuja mbele, wakati mgonjwa alikuwa bado anaongea?

Kuanza si kugumu. Nyumba kumi za njia moja zinatosha. Muandike mu daftari majina na namba za simu, na nani iko ku kazi mbali. Mukipanga kutoa franka, hata kidogo, hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi, na mfuko usikae ku mtu mmoja. Likelemba ngapi zimekufa juu ya hiyo!

Tusidanganyane: kikundi hakichukui nafasi ya sindika. Mushahara, ajali ya mu mugodi na matunzo ya daktari ni deni la kompani, na kompani ilipe. Lakini kompani haiwezi kukaa na bibi yako usiku wa homa. Jirani anaweza.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Jumapili hii, piga hodi ku nyumba ya pili.