Mkeka wa Habaswein nao ni sanaa ya leo

Historia ya sanaa ya kisasa ifundishwayo vyuoni mwetu hufuata njia moja. Mwanafunzi huambiwa kwamba Margaret Trowell alianzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937; kwamba Elimo Njau alichora kuta za kanisa la kumbukumbu kule Murang'a mwaka 1959, na mwaka 1965 akawa miongoni mwa waasisi wa Paa ya Paa jijini Nairobi; kwamba Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alipaka rangi za baiskeli juu ya mbao za kubandika jijini Dar es Salaam. Kisha huja majina ya walio hai, maonyesho ya Ulaya, na mtihani. Sina ugomvi na orodha hiyo. Ugomvi wangu ni na ramani yake, kwa maana ukiitandaza juu ya ramani ya Kenya utaona kwamba ng'ambo ya mto Tana, kuelekea Wajir na Mandera, hakuna hata nukta moja.

Tuchukue mfano wa Habaswein. Mji huu uko kusini mwa Wajir, kwenye barabara itokayo Garissa, karibu na kinamasi cha Lorian ambako maji ya Ewaso Nyiro humezwa na mchanga. Kwa Kisomali habaas ni vumbi na weyn ni kubwa. Mgeni ateremkaye garini wakati wa kiangazi hahitaji mwalimu wa isimu kumfafanulia jina hilo. Kwa muda mrefu nyumba ya mfugaji wa huko imekuwa aqal, nyumba ya fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka, ambayo huvunjwa asubuhi, ikapakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa tena jioni kwingine. Mjenzi wake ni mwanamke, na mwenyewe ni mwanamke. Mama na jamaa zake wa kike humsukia bibi harusi mikeka yake, nayo kazi hiyo huchukua miezi mingi: magome ya mgunga uitwao galool hubanduliwa, nyuzi zake za ndani hutafunwa na kupondwa hadi zilainike, zikasokotwa, zikatiwa rangi, zikasukwa kwa ruwaza ambazo msukaji hazisomi popote bali huzihesabu kwa vidole.

Haya yote ni usanifu, ni utarizi, ni hisabati. Lakini katika vitabu vyetu yamewekwa chumba kingine kabisa, chumba cha mila na desturi. Picha ya Njau ina jina na mwaka. Mkeka una kabila tu. Tumeuandika kana kwamba umejisuka wenyewe, zamani zisizojulikana, na ndiyo maana mwanafunzi wa Habaswein anayesoma sanaa hudhani kwamba sanaa ni kitu atakachokikuta Nairobi akifaulu.

Inanishangaza zaidi kwa sababu Wasomali ni watu waangalifu mno katika jambo la umilikaji wa kazi ya sanaa, pale sanaa hiyo inapokuwa ya maneno. B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis walipochapisha kitabu chao juu ya ushairi wa Kisomali mwaka 1964, walieleza jinsi mshairi anavyojulikana kwa jina na jinsi mghani anavyopaswa kulitaja jina hilo na kuyarudia maneno kama yalivyotungwa. Hapana karatasi, hapana sanduku la kioo. Pana kumbukumbu na pana adabu. Kiswahili chetu nacho kinalifahamu jambo hili kuliko tunavyofahamu sisi wenye kukitumia. Kuhifadhi kwetu ni kukiweka kitu kisiharibike, na kuhifadhi ni kukitia moyoni, kama mtoto wa chuo anavyohifadhi Kurani. Mhifadhi wa makumbusho analijua tendo la kwanza. Yule bibi msukaji amelifanya la pili maisha yake yote, wala hakuna aliyemwita mhifadhi.

Upungufu huu wa ramani una historia. Sheria ya mwaka 1926 ilizifanya wilaya za kaskazini kuwa eneo lililofungwa, asiingie mtu wala asitoke bila kibali. Mwishoni mwa mwaka 1963, uhuru ukiwa na wiki mbili tu, hali ya hatari ikatangazwa kaskazini-mashariki, na sheria zake hazikuondolewa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Basi katika miongo ile ile ambayo wataalamu walikuwa wakiiandika historia ya sanaa ya Afrika Mashariki, mtafiti wa kwenda Habaswein kuuliza habari za mikeka angelazimika kwanza kueleza kwa maofisa wa usalama anataka nini huko. Wengi hawakujaribu. Walibaki Nairobi, na vitabu vikabaki huko nao.

Sasa njia ziko wazi, na balaa limekuja kwa mlango mwingine. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mifugo ikafa, na familia nyingi zikahamia kandokando ya miji. Asiye na ngamia hana cha kupakia, na asiyehama hahitaji nyumba ya kuhama. Aidha, tangu kambi za Dadaab zianzishwe mwaka 1991, maturubai ya plastiki ya misaada yameenea kote, na fito zile zile zilizopindwa kwa ustadi ule ule leo huvikwa turubai, magunia na vitambaa vya madukani. Wapo wanawake waliofumua magunia ya nailoni wakazisokota nyuzi zake badala ya nyuzi za magome, wakapata rangi ambazo mgunga haukuwahi kuzitoa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu walimu. Wao humwambia mwanafunzi kwamba mkeka wa nailoni umeharibika, si wa asili, haufai kuonyeshwa. Na methali ya mwacha mila hutolewa upesi, kama polisi atoavyo filimbi. La hasha! Mkeka ule ni hati ya ukame, ya ukimbizi na ya akili ya msukaji aliyekataa kushindwa na vyote viwili. Msanii wa mjini akiokota vyuma chakavu akavigeuza miwani ya kuonyeshwa Ulaya, tunamwita mbunifu wa kisasa. Bibi wa Habaswein akiligeuza gunia la msaada kuwa pambo la nyumba, tunamwita mtu aliyepoteza utamaduni. Tofauti iko wapi, isipokuwa katika nauli?

Tukikubali kwamba mkeka huo ni sanaa ya leo, ndipo tutakapokutana na tatizo lenyewe la uhifadhi, na tatizo hilo si dogo. Nyuzi za magome, zikikaa pakavu na mbali na mchwa, huvumilia. Plastiki haivumilii: jua huivunja vunja, rangi hukwajuka, nyuzi hukatika kama majani makavu, na ukishaanza uozo huo hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Makumbusho makubwa ya dunia yanahangaika na jambo hilo hilo. Kazi iitwayo Expanded Expansion, aliyoitengeneza Eva Hesse mwaka 1969 kwa vitambaa vilivyopakwa utomvu wa mpira, ilikauka na kugeuka rangi hata Makumbusho ya Guggenheim ya New York yakaacha kuionyesha kwa zaidi ya miaka 30, hadi ilipotengenezwa na kuonyeshwa tena mwaka 2022. Na wahifadhi wa sanaa ya kisasa, pamoja na maabara yao yote, siku hizi huanza kazi kwa kumhoji msanii au waliofanya kazi naye: ulitumia nini, ulikusudia kidumu au kife, nikibadilisha uzi huu kitabaki kuwa kazi yako?

Kwa vyombo vya maziwa swali ni gumu zaidi. Haan na dhiil hufukizwa kwa moshi wa kuni maalumu ili maziwa yasiharibike upesi, na ni moshi huo pamoja na mafuta ya maziwa vinavyokiweka chombo katika hali yake. Kiweke kabatini, umekiokoa na matumizi ambayo ndiyo uhai wake. Isitoshe, makumbusho ya zamani, hasa ya Ulaya, yalikuwa na desturi ya kuvinyunyizia vifaa vya namna hii dawa za sumu kama arseniki na DDT ili kuua wadudu. Mradi wa kimataifa ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya uliorodhesha zaidi ya vifaa 32,000 vya Kenya vilivyoko nje ya nchi, na matunda yake yakaonyeshwa Nairobi mwaka 2021. Tunadai virudishwe, na ni haki yetu kudai. Lakini chombo cha maziwa kikirudi na sumu ndani, nani atakigusa bila glavu? Kitakuwa kimerudi kama umbo tu.

Wapo watakaosema basi na tuviache vife, kwa kuwa hata wenyewe hawakuvitengeneza vidumu. Hoja hii ina uzito, na ningeikubali lau kama kila kizazi kingekuwa kinatengeneza vipya. Aqal haikudumu kwa sababu ya ugumu wa fito zake. Ilidumu kwa sababu kila binti aliyeolewa alisukiwa nyingine. Mnyororo huo ndio unaokatika. Kama mwanaisimu naongeza kwamba kinachotangulia kufa si mkeka bali ni msamiati wake: jina la kila fito, la kila fundo, la kila ruwaza, na nyimbo za kazi zinazoimbwa wakati wa kusuka na kupakia. Axmed Cali Abokor alichapisha utafiti juu ya nyimbo za kazi za wafugaji wa Kisomali kule Uppsala mwaka 1993, na kule Hargeisa kanda za muziki zilizofukiwa ardhini ili zinusurike mabomu ya mwaka 1988 zilifukuliwa zikawa hazina. Kwa upande wetu wa mpaka kazi kama hizo ni chache mno.

Nawageukia walimu wa Habaswein, Modogashe na Dadaab. Wanafunzi wa sekondari ya juu, iliyoanza na gredi ya 10 Januari 2026, wanaweza kuchagua mkondo wa sanaa, na mtaala huo unataka miradi. Mradi wa kuiga picha ya ua kutoka kitabuni hauna maana mahali penye wasukaji. Kila mwanafunzi na aandike habari za kitu kimoja tu: nani alikitengeneza, mwaka gani, kwa nyuzi za nini, zimetoka wapi, kila sehemu inaitwaje kwa Kisomali, ilitengenezwa kwa ajili ya nani, na mwenyewe anataka kifanywe nini kikichakaa. Sauti ya msukaji irekodiwe kwa simu, kwa idhini yake, na jina lake liandikwe kama yeye atakavyo. Kisomali kina maandishi rasmi tangu mwaka 1972; hakuna sababu ya kuyaandika majina hayo kwa kubahatisha. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati yake mwaka 2017, ambacho kingefanya vyema kutenga chumba kimoja kikavu, chenye madirisha yasiyopitisha vumbi, kabla ya kuomba maabara.

Na wenzangu tunaotunga mitihani ya vyuo, mwaka ujao tuweke swali moja juu ya mkeka wa nailoni. Wanafunzi watalalamika kwamba halimo katika vitabu. Tutawajibu kwamba ndivyo lilivyo, na kwamba barabara ya Wajir inapitika.